Bei ya stafu hotelini ni nini hasa, na kwanini ndugu yako anasita kukupa

Juzi nimetoka shifti ya usiku, nasubiri kifodi nirudi nyumbani, shangazi yangu wa Marangu akanipigia. Mwanangu, mdogo wako anaoa mwezi wa kumi na mbili, wanataka wakalale Zanzibar siku nne, si unafanya hotelini, wapatie ile bei yenu. Nikamwambia shangazi shikamoo, nikifika nitakupigia, manake hiyo "bei yenu" kuna vitu kama vitatu ndani yake na watu wengi huku Arusha na Moshi wanavichanganya, na vikichanganywa anayeumia ni yule anayefanya kazi hotelini.

Tuanze na bei ya stafu yenyewe. Hii ni bei anayolipa mfanyakazi wa hoteli akienda kulala kwenye hoteli nyingine ya kampuni ileile, na sababu ya kuwepo kwake wala si huruma. Chumba si kama sembe dukani kwamba usipouza leo utauza kesho, chumba ni kama siti ya basi la Dar, likishaingia stendi siti iliyokuja tupu kutoka Arusha ndo imepotea hivyo, huwezi kuiuza tena. Kwahiyo hoteli inaona bora chumba ambacho kingelala kitupu alale mfanyakazi alipe kidogo, hela ya kufua mashuka na umeme na maji irudi na kitu kibaki, na huyo mfanyakazi akirudi kazini anajua mgeni anajisikiaje akiwa upande ule wa kaunta. Nimeshalala kwa bei hiyo mara mbili na naapa nilirudi napokea wageni tofauti.

Sasa hapo utaelewa kwanini bei hii haipatikani siku unayoitaka. Inatolewa pale vyumba vinapokuwa vimebaki. Wiki ya Kili Marathon pale Moshi usiiulizie. Krismasi, Wachagga wote wanapopanda nyumbani na wageni wa mlima wapo pia, usiiulizie. Kuanzia mwezi wa saba mpaka wa tisa Arusha imejaa watu wa safari, bahati yako ikiwepo. Lakini masika, mwezi wa nne na wa tano, hapo vyumba vipo na hata meneja anakupokea kwa tabasamu.

Halafu kuna bei ya ndugu na marafiki, hii ndo shangazi alikuwa anaitaka bila kujua jina lake. Huyu mgeni si mfanyakazi, ila mfanyakazi amemtolea uthibitisho kwamba namjua. Punguzo lake ni dogo kuliko la stafu. Marriott mpango wao unaitwa Explore, Hilton wao Go Hilton, kampuni kubwa karibu zote zinao. Kwa Marriott mfanyakazi anaitoa fomu kwenye mfumo wa kampuni, mgeni anakuja nayo risepsheni pamoja na kitambulisho, na asipokuwa nayo hoteli ina haki ya kumchaji bei kamili ya siku hiyo. Watu wanasahau hiyo fomu kabisa, wanafikiri kutaja jina la mtu inatosha, "mimi ni mdogo wake fulani wa Arusha", na yule dada wa risepsheni kule hamjui fulani wala Arusha hajawahi kufika.

Na nani ni ndugu? Hapa ndo pagumu kwetu. Kila kampuni ina orodha yake, ila kwa kawaida karatasi ikisema familia inamaanisha mke au mume, watoto, wazazi, pengine na ndugu wa tumbo moja. Mtoto wa shangazi kwangu mimi ni mdogo wangu kabisa, nimekula naye sahani moja, nimelala naye kitanda kimoja likizo zote kule Marangu, lakini kwenye karatasi ya kampuni huyo anaangukia upande wa marafiki. Haimaanishi nimemkana. Nimeona watu wameacha kusalimiana miezi kwa sababu ya hili, mtu anaona "ameniandika rafiki", na mwenye kuandika hana chaguo lingine kwenye ile fomu.

Kitu ambacho natamani kila mtu akijue ni kwamba ile fomu inabeba jina la aliyeitoa. Yaani ukilala kwa bei hiyo, wewe ni mimi. Ukivunja glasi ukakataa kulipa, ukapiga kelele usiku, ukamfokea mhudumu kwa kuchelewa kuleta chai, taarifa inarudi kwenye jina langu. Mimi mwaka fulani nilimpa rafiki yangu wa karibu, akafika akadai apandishiwe chumba kikubwa bure na atoke saa nane mchana wakati muda wa kutoka ni saa nne, akagombana mpaka na msimamizi wa zamu. Nilipoingia kazini niliitwa ofisini nikakaa pale kama mwanafunzi. Sikufukuzwa, lakini nilikaa muda mrefu sana bila kuomba tena bei hiyo hata kwa mama yangu mzazi. Na wale wanaouza hizo fomu mitandaoni kwa watu wasiowajua, jamani msinunue, mfanyakazi akibainika anapoteza kazi na wewe uliyenunua unaweza kufika mlangoni ukaambiwa ulipe bei kamili.

Lingine la huku kwetu. Hoteli yenye jina la kampuni kubwa, kama Four Points pale Mnara wa Saa ambayo ipo chini ya Marriott, au Gran Meliá ya watu wa Meliá, mfanyakazi wake ana mtandao wa hoteli nchi nyingi. Lakini hoteli nyingi za Arusha na Moshi na loji nyingi za porini ni za mtu au familia au kampuni ndogo ya hapahapa. Huko hakuna mfumo wala fomu, bei ya stafu ni meneja kumpigia meneja mwenzake, "kijana wangu anakuja na mkewe, nisaidie". Kwahiyo ndugu yako anayefanya kazi kwenye hoteli ya namna hiyo Moshi akikwambia hana punguzo la Zanzibar, hakunyimi, kweli hana, angekuwa anakwenda kuomba fadhila na fadhila inalipwa.

Na hata ikipatikana, kwa kawaida punguzo linakata chumba tu. Boti ya Zanzibar unalipa vilevile, chakula mara nyingi unalipa, na hata kwenye loji za porini ambazo bei yake ni kwa kichwa pamoja na chakula, kiingilio cha hifadhi ni cha TANAPA au cha mamlaka ya Ngorongoro, hoteli haina uwezo nacho. Fanya hesabu kwanza. Tuseme chumba ni laki nne na punguzo la ndugu ni asilimia 30, unalipa laki mbili na themanini elfu, lakini kipindi cha masika hotelini hapohapo wanaweza wakaweka ofa ya watu wote ukilipa mapema ikawa laki mbili na nusu. Hapo ya nini kumsumbua ndugu yako? Mi huwa naangalia ofa ya wazi kwanza ndo nagusa fomu.

Usichanganye na bei ya mkazi pia, ile inatokana na uraia au kibali chako cha kuishi nchini, haihusiani na kujuana na mtu.

Sasa pointi. Hii ni biashara nyingine kabisa, ni uanachama wa mgeni. Ilianzia kwenye ndege, American Airlines walianzisha wa kwao 1981, hoteli zikafuata, Holiday Inn na Marriott zote 1983. Unajiunga bure, unalala, unapata pointi, zikijaa unalalia bure. Mpango wa Marriott tangu 2019 unaitwa Bonvoy na una ngazi, usiku 10 kwa mwaka unakuwa Silver, 25 Gold, 50 Platinum, na huko juu ndo unaanza kuona vitu kama kifungua kinywa kwenye baadhi ya hoteli na chumba kizuri zaidi kikiwepo. Pointi ni za aliyelipa na kulala, ila familia inaweza kufaidi: Marriott ukilipia mpaka vyumba vitatu na wewe umelala kimoja, pointi za vyote zinaingia kwako, kwahiyo harusi ikilaza wazee wa pande zote mbili hotelini, mtu mmoja mwenye uanachama alipie. Hilton wanaruhusu wanachama mpaka 11 kuchangia pointi kwenye kapu moja bila gharama, ni kama kibati kabisa, yaani upatu, mnampa anayesafiri. Ukibukia kupitia Booking.com au Expedia, kwa kawaida pointi hupati, bukia kwenye tovuti ya hoteli wenyewe. Na zikikaa bila kuguswa zinakufa, Marriott ni miezi 24.

Je, ukilala kwa bei ya ndugu unapata pointi? Inategemea kampuni, muulize aliyekupa fomu kabla hujasafiri, usiende kubishana risepsheni kwa jina lake.

Shangazi nilimpigia jioni nikamweleza yote hayo taratibu, akasikiliza, akauliza swali moja tu, kwahiyo Desemba haiwezekani? Nikamwambia haiwezekani shangazi, harusi ni tarehe 27, Zanzibar nzima imejaa. Tumekubaliana maharusi wapumzike kwanza nyumbani, waende mwezi wa tatu mwanzoni kabla mvua hazijakolea, na amenitumia majina yao yote mawili kama yalivyo kwenye NIDA, manake mdogo wangu kijijini tunamwita jina moja na kitambulisho kina jingine.