Kombe la chalenji katika hoki ya barafuni: maana yake, na jinsi Seattle walivyolibeba mwaka 1917

Ukimtajia shabiki wa Afrika Mashariki neno "Chalenji", mawazo yake yanakwenda kwenye michuano ya CECAFA: makundi, robo fainali, nusu fainali, halafu fainali na mtu anabeba kombe. Katika hoki ya barafuni ya miaka ya mwanzo kombe la chalenji lilikuwa jambo jingine. Lilikuwa na mwenyewe muda wote. Aliyelishika ndiye bingwa, na aliendelea kuwa bingwa mpaka apatikane wa kumnyang'anya: ama mpinzani aliyetoka mbali kuja kumwania, ama timu ya ligi yake mwenyewe iliyompokonya ubingwa wa ligi. Lilifanana na mkanda wa ngumi. Bingwa yupo tayari, na kazi yake ni kuutetea.

Bila kuielewa dhana hii, orodha ya mabingwa wa Kombe la Stanley, kombe kuu la hoki ya barafuni lililoanza kama kombe la chalenji, kabla ya mwaka 1927 utadhani imeandikwa na mtu mwenye usingizi. Mwaka mmoja una mabingwa wawili. Mji mdogo ambao wengi hawajawahi kuusikia umo. Na kwenye kombe lenyewe yamechongwa majina ya timu ambazo zilifungwa katika mfululizo wa mwisho. Hakuna kosa hata moja hapo. Mambo hayo yote yanafuata kanuni za chalenji.

Kombe lilitolewa na Lord Stanley, gavana mkuu wa Kanada, kwa barua iliyosomwa kwenye karamu jijini Ottawa tarehe 18 Machi 1892. Jina lake rasmi lilikuwa Dominion Hockey Challenge Cup. Kilichonunuliwa London kwa gini 10 kilikuwa bakuli la fedha tu, la aina inayotumika kuchanganyia vinywaji vya sherehe. Mwaka uliofuata Stanley alirudi kwao Uingereza bila kushuhudia hata mechi moja ya kuwania kombe lake. Aliwaachia wadhamini wawili (walinzi wa kombe, si wafadhili), na hao ndio waliokuwa na neno la mwisho: nani anastahili kumwania bingwa, mechi zichezwe lini, ziwe ngapi, na kwa sheria zipi. Hapakuwa na shirikisho la kusimamia wala ratiba. Barua inafika kwa wadhamini, wanaijadili, wanaikubali au wanaikataa.

Ndiyo maana yaliwezekana mambo kama ya Dawson City, mji wa wachimba dhahabu huko Yukon, kaskazini kabisa. Desemba 1904 wachezaji wake walifunga safari ya kwenda Ottawa, wengine kwa sleji za mbwa, wengine kwa baiskeli, na hali ilipokuwa mbaya wakatembea kwa miguu. Kisha meli, kisha treni kuvuka bara zima. Walifika siku mbili kabla ya mechi ya kwanza, Januari 1905, wakanyukwa 9–2. Katika mechi ya pili ikawa 23–2, na Frank McGee wa Ottawa, aliyekuwa anaona kwa jicho moja tu, alifunga mabao 14 peke yake. Kwa macho ya leo ule haukuwa mtanange bali mauaji. Kwa kanuni za chalenji ulikuwa halali tupu: wameomba, wamekubaliwa, wamecheza.

Miaka miwili baadaye mji mwingine mdogo, Kenora, wenye watu wapatao 4,000, uliwafunga Montreal Wanderers mwezi Januari na kuondoka na kombe. Kufikia Machi Wanderers walikuwa wamelirudisha. Mwaka 1907, mabingwa wawili, miezi miwili tofauti.

Kenora walikuwa wamemwazima beki Art Ross kwa ajili ya mechi hizo tu, na hapo unaona upepo ulikokuwa unaelekea. Pesa ilikuwa imeingia. Mwaka 1908 wachezaji wa ridhaa walipewa kombe lao, Kombe la Allan, na lile la Stanley likabaki kuwa la wanaolipwa. Mwishoni mwa 1909 ikaundwa ligi ya NHA upande wa mashariki wa Kanada. Upande wa magharibi ndugu wawili, Lester na Frank Patrick, walichukua pesa za baba yao aliyeuza kampuni yake ya mbao, wakaanzisha ligi ya PCHA mwaka 1911 na kujenga viwanja vya barafu ya kutengenezwa kwa mashine Vancouver na Victoria. Pwani ile baridi yake ni ya mvua. Ukisubiri maziwa yagande ucheze juu yake, utasubiri sana. (Teknolojia ni ileile iliyowezesha uwanja wa hoteli ya Panari, Nairobi, na kikosi cha Ice Lions kilichozaliwa pale. Hoki ya barafuni iliacha kuhitaji nchi ya theluji zamani sana.)

Ligi mbili zenye pesa hazikutaka kusubiri barua za wachimba dhahabu. Zikakubaliana kwamba kila mwisho wa msimu bingwa wa mashariki na bingwa wa magharibi watakutana, mwaka huu huku, mwaka ujao kule. Hapo chalenji ikaanza kugeuka fainali. Ikaanza, nasema, kwa sababu ile haki ya mwenye kombe haikufutwa. Mfano mzuri ni Portland, timu ya jimbo la Oregon nchini Marekani. Vancouver walilichukua kombe mwaka 1915. Mwaka 1916 Portland wakawapokonya Vancouver ubingwa wa PCHA, kwa hiyo kombe likawa lao hata kabla ya kukutana na Montreal Canadiens. Walipokutana, Montreal walishinda mechi tatu kwa mbili. Lakini jina la Portland limechongwa kwenye bakuli mpaka leo, kama mabingwa wa ligi ya magharibi wa 1916, kwa kuwa kweli walilimiliki kwa muda.

Swali la uraia nalo liliibuka palepale: kombe la gavana wa Kanada litakwendaje Marekani? Mdhamini William Foran alijibu kwamba kombe halikuwa alama ya ubingwa wa Kanada bali wa hoki ya dunia, na klabu za Portland na Seattle zikilitwaa zina haki ya kukaa nalo. Jibu hilo halikubaki kwenye karatasi muda mrefu.

Seattle Metropolitans waliundwa mwaka 1915, na namna walivyoundwa ni ya ubabe. Waliwavuta kutoka Toronto kipa Hap Holmes pamoja na Frank Foyston, Jack Walker na Cully Wilson, watu waliokuwa wametwaa kombe na timu yao mwaka 1914. Ligi hizi mbili ziliibiana wachezaji kila zilipogombana, na karibu wote katika kikosi hiki cha Marekani walikuwa Wakanada. Kocha Pete Muldoon aliwahi kuwa bondia, na wakati wa fainali alikuwa na umri wa miaka 29. Jezi zao zilikuwa na mistari ya kulala ya kijani, nyekundu na nyeupe kutoka shingoni hadi kiunoni, na S kubwa kifuani.

Msimu wa 1916–17 walicheza mechi 24 za ligi wakashinda 16, wakiwapiku Vancouver. Bernie Morris alifunga mabao 37, Foyston 36. Kikosi kilikuwa kidogo mno kwa viwango vya sasa. Leo wachezaji wa hoki wanapishana uwanjani kila baada ya muda mfupi, wakati huo waliokuwa wanaanza ndio waliokuwa wanabeba karibu dakika zote 60. Ukizingatia hilo, hayo mabao 73 ya watu wawili yanazidi kuwa mazito.

Mashariki msimu ulikuwa wa vurugu. Ilikuwa vita, na ligi ya NHA ilikuwa hata na timu ya jeshi, Batalioni ya 228, iliyojitoa katikati ya msimu ilipoamriwa kwenda Ulaya. Montreal Canadiens, waliolishika kombe tangu mwaka uliopita, walitoka tena mabingwa kwa kuwaondoa Ottawa, wakapanda treni kuja Seattle. Kwa lugha ya chalenji wao ndio waliokuwa wanatetea, ingawa walikuwa wageni.

Mechi zote zilichezwa kwenye uwanja mmoja, Seattle Ice Arena, katikati ya mji. Kilichobadilika ni sheria. Mashariki timu ilikuwa na watu sita. Magharibi walikuwa saba, wa saba akiwa mchezaji huru anayerandaranda mbele na nyuma. Mashariki pasi ya kwenda mbele ilikuwa marufuku, magharibi iliruhusiwa katika eneo la kati la uwanja. Dawa iliyotumika ilikuwa kupokezana: mechi moja kwa sheria za magharibi, inayofuata kwa za mashariki. Kwangu mimi hiki ndicho kipande kizuri kuliko vyote katika hadithi hii, maana mshindi alilazimika kuujua mchezo wa mwenzake.

Mechi ya kwanza, 17 Machi, ilikuwa kwa sheria za nyumbani, na Seattle wakafungwa 8–4. Ungetegemea kwamba ya pili, ya watu sita kama ilivyochezwa Montreal, ingekuwa msiba. Ikawa kinyume: Seattle 6, Montreal 1. Walker, fundi wa kuuteka mpira kwa kulalisha gongo lake chini na kuunasa kutoka kwa adui, aliwakatia wageni pumzi katikati ya uwanja. (Naita mpira kwa mazoea, ni kisahani kigumu cheusi.) Mechi ya tatu ikaisha 4–1. Mfululizo ulikuwa wa kutangulia kufikisha ushindi mara tatu, kwa hiyo tarehe 26 Machi Seattle walihitaji mechi moja tu, nayo ilikuwa tena ya sheria za mashariki. Wakashinda 9–1. Morris alimfunga Georges Vézina mara sita usiku huo, na katika mechi zote nne alifikisha mabao 14. Vézina si kipa wa kubeza: tuzo ya kipa bora wa NHL, ligi kuu ya hoki ya leo, inaitwa kwa jina lake.

Kwa mara ya kwanza kombe likawa la timu ya Marekani. Siku 11 baadaye nchi hiyo ikaingia kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, na habari za hoki zikafunikwa.

Seattle walilipoteza vipi? Kwa njia ya chalenji, bila kuonana na timu ya mashariki. Mwaka 1918 Vancouver waliwafunga katika kuwania ubingwa wa PCHA, wakaenda Toronto na kushindwa na mabingwa wa ligi mpya iliyorithi NHA, yaani NHL. Jina la Vancouver la 1918 limechongwa kwenye kombe vilevile, sawa na la Portland. Mwaka 1919 Seattle walirudi kupambana na Canadiens. Mfululizo ukasimamishwa na homa ya Kihispania ukiwa sare, na beki wa Montreal Joe Hall akafariki mjini Seattle. Mwaka huo hauna bingwa. Kufikia 1924 timu ilikuwa imekufa, na mwaka 1926 ligi ya mwisho ya magharibi nayo ikavunjika. NHL wakabaki peke yao, na mwaka 1947 wadhamini wakawakabidhi usimamizi wa kombe kwa mkataba.

Je, chalenji imekufa moja kwa moja? Msimu wa 2004–05 NHL haikuchezwa kabisa kwa mgogoro wa mishahara, na kombe likakaa bila mwenyewe. Wachezaji wa kujifurahisha wa Toronto walikwenda mahakamani Ontario wakidai kwamba Stanley aliliacha kombe liwaniwe, halikuwa mali ya ligi. Pande mbili ziliafikiana mwaka 2006: NHL ikishindwa kuendesha msimu, wadhamini wanaweza kulitoa kombe kwa timu ya nje ya ligi hiyo, ingawa hawalazimiki.