Kipokezi kushikwa siyo kipokezi kuwaka

Jamani tuachane na huu mchoro wa ufunguo na kufuli. Nimeuona tena, safari hii kwenye slaidi za mtu anayefundisha wengine: ligandi (molekyuli inayoleta ujumbe) inaingia kwenye kipokezi (protini ya seli inayoupokea), mshale unashuka ndani ya seli, umeandikwa "ishara", basi. Halafu watu haohao wanakuja kuuliza, "molekyuli yangu inashika kipokezi vizuri sana, mbona seli haifanyi chochote?" Haifanyi kwa sababu kushika tu hakutoshi, mara nyingi lazima vipokezi vikutanishwe, na mara nyingine huko kushika ndiko kunakozuia!

Chukua EGFR, kipokezi cha ujumbe wa ukuaji. Inavuka utando wa seli mara moja tu, kwa heliksi moja nyembamba (kipande cha protini kilichojisokota), nje sehemu ya kushika ligandi, ndani kinasi, yaani kimeng'enya kinachobandika fosfati. Sasa heliksi moja inayoelea kwenye mafuta, ukigusa kichwa, mkia utajuaje? Kinachotokea ni kwamba vipokezi viwili vinashikana, kinasi zao zinakaribiana ndani, moja inaisukuma nyenzake mpaka inaamka, tairosini (asidi amino) za mikia zinabandikwa fosfati na protini nyingine zinakuja kung'ang'ania hapo. Na wala ligandi haikai katikati kuviunganisha, miundo ya kristali ya 2002 ilionyesha kila ligandi iko pembeni na kipokezi chake, kazi yake ni kukikunjua ili mkono wa kushikana na mwenzake utoke. Homoni ya ukuaji ndiyo inayokaa katikati, molekyuli moja vipokezi viwili. Hilo tulipite.

Kinachonikera hasa ni watu kusahau mzio, maana jibu liko palepale. Seli za masti, seli za kinga zinazobeba histamini (kemikali ya mzio), zimejaa vipokezi vya IgE, kingamwili ya mzio, na IgE inakaa juu yake imeshika kwa nguvu ajabu, siku nenda siku rudi, na seli imetulia tuli. Yaani kipokezi kimeshikwa muda wote na hakuna kitu! Kinakuja kizio (kitu kinacholeta mzio) chenye sehemu kadhaa za kushikwa, kinazikusanya IgE pamoja, vipokezi vyake navyo vinakokotwa, hapo ndipo histamini inamwagwa. Ukileta kipande kidogo chenye sehemu moja tu kinaikalia IgE na seli haishtuki, tena kinamzibia nafasi kizio halisi. Mwaka 1977 Segal, Taurog na Metzger waliunganisha IgE mbilimbili kwa kemikali, bila kizio chochote, na seli zikamwaga. Mbili tu pamoja zinatosha kuanzisha. Sasa huo ufunguo uko wapi hapo?

Kati ya seli na seli ni hivyohivyo. Vipokezi vya Eph vinasoma efrini, protini ambayo yenyewe imebandikwa kwenye utando wa seli jirani. Ikate kutoka kwenye utando, iache ielee mojamoja: itashika Eph vizuri tu, na Eph itaendelea kulala. Ikusanye kwa kingamwili mpaka iwe mafungu, Eph inaamka. Protini ileile, sehemu ileile ya kushika. Hili linajulikana tangu 1994 na bado watu wananunua efrini inayoelea, wanaimwaga kwenye seli, wanalalamika imeharibika.

Na siyo mambo ya maabara tu. Machi 2006 London, TGN1412, dawa ya majaribio, kingamwili dhidi ya CD28 (kipokezi cha seli T, seli nyeupe za kinga), iliwapeleka watu sita wenye afya njema chumba cha wagonjwa mahututi. Baadaye ilionekana kwamba ukiichanganya na seli za damu za binadamu ikiwa inaelea hazishtuki, ila ukiikausha kwenye sahani ikabanwa pale, zinalipuka. Yaani jibu lilitegemea namna molekyuli ilivyopangwa mbele ya seli. Hili tukio linatakiwa lifundishwe kabla ya mchoro wowote.

Sasa msinielewe vibaya mkaanza kuona mafungu kila mahali. Vipokezi vya adrenalini vinaweza kuamsha protini G (zinazopeleka ishara ndani ya seli) vikiwa kimojakimoja. Vipokezi vya insulini vimeshaungana viwiliviwili kabla insulini haijafika, kwa hiyo pale kukutanishwa hakuelezi kitu, ni umbo linalobadilika. Na kwenye seli T hatujakubaliana kabisa. Lile duara kubwa la vipokezi katikati ya mgusano wa seli mbili, lililowasisimua wote miaka ya 1998 na 1999, lilidhaniwa ndio moyo wa ishara, kumbe ishara nyingi zinatoka kwenye vifungu vidogo vinavyozaliwa pembeni, na katikati ni mahali ambapo vipokezi vingi vinamezwa vikavunjwe. Kuna wanaosema kinachowasha ni CD45 (protini ya juu ya seli inayoondoa fosfati) kusukumwa nje ya mgusano, kwa sababu ni ndefu mno kutoshea kwenye mwanya wa nanomita kama 15 hivi, mafungu ni matokeo tu. Wengine wanasema vifungu vipo tangu seli imepumzika, wakajibiwa kwamba darubini inahesabu molekyuli moja inayopepesa kama vile ni nyingi. Mimi naegemea upande wa CD45, lakini siwezi kumwambia mtu kwamba kesi imefungwa.

Kwa hiyo kabla hujaniletea namba za kushika, kama molekyuli yako ni kingamwili, pima kingamwili nzima, pima kipande chake chenye mkono mmoja, kisha hichohicho kipande ukikusanye kwa kingamwili ya pili. Ukiwa na hayo matatu ndio tuzungumze.