Barkodi inaskani, ila haifai: mambo ninayoyasikia kila wiki

Jana tena kaja dada mmoja na flashi yake, anataka nimchapie lebo 2,000 za asali, barkodi keshaitengeneza mwenyewe kwenye simu, bure. Nikamuuliza ya aina gani, akanijibu kile kile ninachojibiwa kila wiki: "Si barkodi tu, ilimradi inaskani?" Nikachukua skana nikapiga, ikalia pii, kwenye kompyuta ikatokea ASALI500G. Sasa hapo ndo penye tatizo.

Ile ni aina ya barkodi inayoitwa Code 128. Ni nzuri sana, inabeba herufi na namba, mimi mwenyewe nawapa watu kwa ajili ya stoo, vifurushi na mali za ofisi. Ila kaunta ya supamaketi haitafuti jina la asali, inatafuta namba, na kwa huku kwetu ni EAN-13, tarakimu 13, namba ambayo lazima iwe yako peke yako dunia nzima. Unaipata kwa kujisajili GS1, shirika linalogawa namba za barkodi, halafu unazigawa kwa bidhaa zako, nusu kilo namba yake, kilo moja namba yake, usichanganye.

Wengine wanajiona wajanja, wanabuni tarakimu 12 na programu inawamalizia ya 13, maana ile ya mwisho ni ya kuhakiki tu, inatokana na hesabu ya zile 12 za mwanzo, kwa hiyo hata namba ya kubuni inaskani vizuri kabisa! Mteja wangu mmoja alifanya hivyo kwenye unga wa lishe, kufika kaunta ikatokea sabuni ya mtu mwingine na bei ya sabuni, mzigo ukarudishwa wote, lebo 3,000 tukachapa upya. Ule ulikuwa mtaji wake jamani. Inaniuma mpaka leo. Kabla hujaja kwangu uliza swali moja tu: nani atakayeiskani hii barkodi, na sistimu yake inasubiri nini?

"Ikianza na 620 imetengenezwa Tanzania." Hapana. 620 inaonyesha kampuni imepewa namba na GS1 Tanzania, basi, kama 616 ilivyo ya Kenya. Mtu wa Dar anaweza kuagiza kalamu China akazibandika 620 na hajavunja sheria yoyote ya barkodi.

"Bei imo ndani." Haimo, bei ipo kwenye sistimu ya duka. Stika ya mzani wa nyama inayoanza na 2 ndo inaweza kubeba bei au uzito, na ile duka linajitengenezea kwa matumizi yake ya ndani.

"QR ni ya kisasa, toa hiyo mistari." QR ilitengenezwa Japani na Denso Wave mwaka 1994 kwa ajili ya vipuri vya magari, na kwa malipo, menyu au linki ya Instagram iweke tu, ila iweke pembeni ya EAN-13, maana skana za leza zinasoma mistari peke yake, linki yako hazitaiona kabisa.

Na katoni jamani, msibandike barkodi ya chupa kwenye katoni! Katoni ya chupa 24 itaingia stoo kama chupa 1 na hesabu hazitakaa zikubali. Katoni inataka ITF-14, barkodi ya katoni yenye tarakimu 14, ina mistari minene inayovumilia boksi la kahawia.

Yule dada alitaka pia mistari iwe myekundu ifanane na nembo yake, nikakataa, skana nyingi zinamulika mwanga mwekundu kwa hiyo mistari myekundu kwake ni kama karatasi nyeupe. Nyeusi juu ya nyeupe, na pembeni paachwe wazi kulia na kushoto. Nimemwachia kwenye lebo nafasi ya milimita 38 kwa 26, tunachapa akirudi na namba yake.