Je, wajua kwa nini Wahungaria waliitoboa bendera yao mwaka 1956?

Ukitazama picha za jiji la Budapest, mji mkuu wa Hungaria, za mwisho wa Oktoba 1956, utaona jambo lisilo la kawaida. Bendera zina tundu. Kwenye malori, madirishani, hata juu ya vifaru vilivyotekwa, inapepea bendera ya rangi nyekundu, nyeupe na kijani, na katikati yake kitambaa kimekatwa kwa duara. Risasi hazikuhusika. Ni kazi ya mikasi na visu, na waliokata ni Wahungaria wenyewe.

Mtu huikataje bendera ya nchi yake? Kilichotupwa ndicho cha kuangalia.

Zile rangi tatu ni za zamani. Wahungaria walizibeba mwaka 1848 walipoinuka kudai uhuru mbele ya ufalme wa Habsburg uliowatawala, na mpaka leo ndizo fahari yao. Lakini mwaka 1949 chama cha kikomunisti, kilichoshika hatamu huku jeshi la Kisovieti likiwa bado nchini baada ya Vita Kuu ya Pili, kilileta katiba mpya na nembo mpya: nyundo iliyopishana na suke la ngano, nyota nyekundu juu yake, na masuke mengine yakizunguka pande zote. Aliyezoea nembo ya Umoja wa Kisovieti aliitambua mara moja kuwa ni ya ukoo uleule. Nembo hiyo ikabandikwa katikati ya bendera, na watu wakaiita nembo ya Rákosi, kwa jina la mkuu wa chama, Mátyás Rákosi, mtiifu kupita kiasi kwa Stalin, mtawala wa Umoja wa Kisovieti.

Hebu tulitazame lile suke. Lilisemekana kuwa ni heshima kwa mkulima. Mkulima mwenyewe, miaka ile, alilazimishwa kuikabidhi serikali mazao kwa kiwango kilichopangwa na wakubwa, na asipokitimiza, maofisa walifika nyumbani, wakapanda mpaka darini alikohifadhi nafaka, wakaifagia yote, mbegu za msimu ujao zikiwamo. Nyundo nayo ilikuwa ya mfanyakazi wa kiwandani, ambaye viwango vyake vya kazi vilipandishwa huku mshahara ukinunua kidogo zaidi. Anayelalamika alichukuliwa na polisi wa siri, ÁVH, waliokuwa na jengo la kuhojia na kutesea watu katika barabara ya Andrássy, namba 60. Kwa hiyo kila mara bendera ilipopandishwa, waliokuwa wakiumizwa walionyeshwa picha ya furaha yao. Mimi naona hilo liliwauma kuliko hata njaa.

Mwaka 1956 mambo yakaanza kulegea. Februari, Khrushchev, kiongozi wa Kisovieti baada ya Stalin, aliyalaani matendo ya Stalin mbele ya mkutano wa chama mjini Moscow. Julai, Rákosi akaondolewa. Oktoba, Wapoland wakafanikiwa kupata kiongozi waliyemtaka, Gomułka, bila Moscow kuwashambulia. Wanafunzi wa chuo kikuu cha ufundi cha Budapest wakaandika madai 16: majeshi ya Kisovieti yaondoke, uchaguzi uwe huru, wananchi waelezwe ukweli kuhusu madini ya urani ya nchi yao. Na humo humo wakadai nembo ya zamani irudishwe na sanamu ya Stalin iondolewe.

Oktoba 23 waliandamana, na maelfu ya watu wakajiunga nao. Bendera zilizokuwapo madukani, maofisini na majumbani zote zilikuwa na nembo ile, na hapakuwa na muda wa kushona mpya. Wakakata. Kitendo cha dakika moja, ambacho hata mtoto angeweza kukifanya, na kila aliyeona alielewa: nchi ni yetu, utawala huu hatuutaki.

Usiku huohuo, mnamo saa tatu na nusu, sanamu ya shaba ya Stalin yenye urefu wa mita 8 ilianguka. Ilikuwa imesimamishwa mahali lilipobomolewa kanisa. Kamba na malori vilishindwa kuing'oa mpaka mafundi walipoikata miguu kwa moto wa kuchomelea vyuma. Zikabaki buti mbili tu juu ya jukwaa, na watu wakachomeka bendera ndani yake.

Kwenye jengo la redio ÁVH walifyatua risasi, na maandamano yakageuka vita. Waziri Mkuu mpya, Imre Nagy, mkomunisti wa siku nyingi, aliishia kusimama upande wa umma: akakubali vyama vingi, na Novemba 1 akatangaza kwamba Hungaria inajitoa katika Mkataba wa Warsaw, muungano wa kijeshi ulioongozwa na Moscow. Viwandani wafanyakazi waliunda mabaraza yao, na wengi wao hawakutaka kuwarudishia matajiri wa zamani viwanda. Hili husahauliwa mno.

Alfajiri ya Novemba 4 vifaru vya Kisovieti vikaingia Budapest kwa nguvu zote. Dunia ilikuwa imegawanyika macho, kwani siku hizohizo Israel, Uingereza na Ufaransa zilikuwa zimeivamia Misri kwa sababu ya Mfereji wa Suez. Vijana wa uchochoro wa Corvin walipambana na vifaru kwa chupa za petroli. Wahungaria wapatao 2,500 waliuawa, na takriban 200,000 wakakimbia nchi, wengi kwa kuvuka mpaka wa Austria kwa miguu. Nagy alinyongwa Juni 16, 1958, na hakuzikwa kwa heshima mpaka siku kama hiyo mwaka 1989.

Na nembo? János Kádár, aliyewekwa madarakani na Moscow, aliwafunga na kuwanyonga waasi, lakini nembo ya Rákosi hakuthubutu kuirudisha. Mwaka 1957 bendera ya taifa ilibaki rangi tatu tupu, na ndivyo ilivyo hadi leo.

Desemba 1989 Waromania walipoinuka dhidi ya mtawala wao wa kikomunisti, Ceaușescu, nao walishika mikasi, wakaikata nembo ya kikomunisti katikati ya bendera yao ya buluu, njano na nyekundu.