Dagaa wa Kibirizi kwa Asiyeona: Kuandika Maelezo ya Picha kwa Msaada wa Akili Mnemba

Ratiba ya meli imebandikwa ukutani bandarini Kigoma. Mtu mwema ameipiga picha na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp, mhuri na sahihi vikionekana vizuri. Ndani ya kundi yumo asiyeona, anayesomewa ujumbe kwa sauti na TalkBack, kisoma skrini cha simu za Android. Mara nyingi ikifika hapo hutamka kwamba ni picha, basi, inaendelea na ujumbe unaofuata. Meli inaondoka saa ngapi? Itabidi aulize.

Dawa yake ni ya zamani kuliko akili mnemba. Inaitwa maelezo mbadala: sentensi chache zinazoambatanishwa na picha ili kisoma skrini kipate cha kusoma. Miongozo ya kimataifa ya WCAG, ya kuwawezesha watu wenye ulemavu kutumia tovuti, inaanza na sharti hilo, kipengele 1.1.1. Word, Facebook na tovuti zina sehemu ya kuyaandika. WhatsApp, andika chini ya picha. Kinachotushinda sisi wa maofisini ni uvivu. Picha arobaini za semina, nani ataziandikia?

Akili mnemba inapunguza mzigo huo. Unaipa picha, inakupa rasimu kwa Kiswahili papo hapo. Shida ni kwamba haijui picha umeiweka kwa ajili gani.

Chukua picha ya mwalo wa Kibirizi, Kigoma, asubuhi, dagaa wameanikwa na akina mama wanawageuza. Mashine inaweza kuandika: "Wanawake wakifanya kazi ufukweni." Si uongo. Lakini kama makala inafundisha kupunguza dagaa wanaoharibika, msomaji anahitaji kujua kuwa wa kushoto wamemwagwa mchangani na wa kulia wako juu ya chanja. Kama ni taarifa ya soko, anahitaji bei iliyo kwenye kibao. Kwa hiyo usiishie kuiambia "eleza picha hii". Iambie picha itakaa wapi, nani ataisoma, na jambo gani lisikosekane.

Kisha sahihisha. MV Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, inaweza kuitwa "meli ziwani" tu, au ikapewa Ziwa Victoria bila aibu yoyote. Karabai za wavuvi usiku wa giza zinaweza kugeuka taa za mji. Hatari zaidi ni tarakimu: nauli, saa, namba ya simu. Anayeona akitilia shaka ataangalia picha mwenyewe. Asiyeona ataamini ulichomwandikia. Tangazo la maandishi, acha mashine inakili maneno yote, halafu linganisha neno kwa neno.

Picha za wagonjwa, za wanafunzi, au za wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu msizipakie kwenye huduma hizi kiholela. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu. Hizo ziandikieni wenyewe, bila mashine.

Ua la pambo kwenye kona ya ukurasa halihitaji maelezo. Sehemu yake iachwe tupu ili kisoma skrini kilipite. Wala usianze na "Hii ni picha ya", maana kisoma skrini kimeshasema. Ile ya Kibirizi, kwa makala ya ukaushaji, ningeiandika hivi: "Dagaa wameanikwa Kibirizi. Kushoto wako mchangani, wamechanganyika na changarawe. Kulia wako juu ya chanja, wametandazwa safu moja."