Darubini yenye kipima umbali: ya dukani na ya porini

Mgeni wa uwindaji wa kitalii anayeingia Tanzania siku hizi huenda ana shingoni darubini ya kazi mbili: inakuza, na ukibonyeza kitufe inakuandikia umbali kwa namba zinazowaka ndani. Leica ya Ujerumani ilitoa ya kwake, Geovid, mwaka 1992. Leo Swarovski, Zeiss, Vortex na wengine wanazo zao. Ya bei ya chini kati ya hizi za majina inaweza kulingana na bodaboda mpya, na za juu zinazidi hapo mara mbili au tatu. Ndiyo maana maneno ya wauzaji yanahitaji kuchujwa. (Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo mifano yangu ni ya upande huu wa mpaka.)

Dhana: "Imeandikwa yadi 5,000, basi inapima yadi 5,000."

Inapima, ila kwa kitu kinachorudisha mwanga vizuri, kama kibao cha barabarani. Manyoya ya mnyama yanameza sehemu kubwa ya leza. Vortex wenyewe, kwa Fury HD 5000 yao, wanataja yadi 1,600 kwa paa wa Marekani. Hizo nazo ni karibu kilomita moja na nusu, na hakuna mwindaji mwenye akili timamu anayempiga mnyama kutoka huko. Nyati kwa kawaida hupigwa akiwa ndani ya mita 100. Hata nzohe wa mabwawa ya Moyowosi, au swala granti wa mbuga za Simanjiro, hawakulazimishi kufikiria kilomita.

Kwa hiyo namba kubwa ya kwenye boksi haikusaidii kuchagua. Cha kuuliza ni kama chombo kinajibu haraka, na kinajibu vilevile kila mara, kati ya mita 100 na 400, juu ya ngozi iliyofifia, jua likiwa utosini. Jua kali ni adui wa vipimo hivi, kwa sababu kihisio kinatafuta mwanga hafifu wa leza katikati ya mwanga mwingi wa mchana. Muuzaji atakuelekeza kwenye paa la bati la jirani. Mwambie asante, kisha tafuta ng'ombe mweusi au kichuguu, ubonyeze mara tano. Zikija namba tano zinazopishana kwa mita moja, endelea kuzungumza bei.

Dhana: "Leza inapenya majani."

Haipenyi. Chombo kinatuma mwanga na kupima muda wa kurudi kwake. Mnyama akiwa mita 150, safari ya kwenda na kurudi ni sehemu moja ya milioni ya sekunde. Mwanga ukigonga nyasi kwanza, nyasi ndizo zinazopimwa. Nyati amesimama nyuma ya nyasi ndefu: unabonyeza, 38. Unabonyeza tena, 64. Ile 38 ni ncha ya nyasi iliyotikiswa na upepo. Darubini nyingi za aina hii zina mpangilio wa kuchagua kitu cha mwisho badala ya cha kwanza, na kwenye miombo huo ndio wa kuwasha. La sivyo, pima shina la mti lililo sambamba na mnyama.

Jambo ambalo wengi hawalijaribu kabla ya kulipa: alama unayoiona ndani na mahali leza inapogonga si lazima vilingane. Tafuta nguzo ya umeme yenye anga tupu nyuma yake. Sogeza alama polepole kutoka kushoto, ukibonyeza, mpaka namba itokee. Kisha fanya hivyo kutoka kulia, na kutoka juu kwenye ncha ya nguzo. Namba ikianza kutoka kabla alama haijagusa nguzo upande mmoja tu, leza yako imeelekea kando, na utatakiwa kulikumbuka hilo kila siku ya kuwinda.

Dhana: "Ukuzaji mkubwa ndio bora."

Gawa kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji. 8x42 (ukuzaji mara 8, lenzi ya milimita 42) inakupa mwanga wenye upana wa milimita 5.25 machoni, 10x42 milimita 4.2, 10x32 milimita 3.2. Mchana hutaona tofauti. Saa kumi na mbili jioni, tandala akiwa kivulini, utaiona. Na kila ukikuza, mtetemo wa mkono nao unakuzwa. 15 bila stendi ni mateso. Kwa miombo ningechukua 8, kwa mbuga wazi 10.

Dhana: "Ikishanipa umbali, kazi imekwisha."

Umbali ni nusu ya hesabu, na wakati mwingine pungufu ya hapo. Bunduki ya risasi za kipimo cha .30-06 iliyopangwa ipige sawasawa mita 200 inashusha risasi zaidi ya sentimita 20 kwa mita 300, na zaidi ya nusu mita kwa 400. Zipo darubini zinazokupigia hesabu hiyo, lakini kwa takwimu ulizoingiza mwenyewe: kasi ya risasi yako na bunduki ilivyopangwa. Ukiingiza za kubahatisha, utajibiwa kwa kubahatisha. Upepo je? Leza haiupimi. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa unaisogeza risasi hiyohiyo karibu sentimita 20 kwa mita 300, na hiyo inatosha kumjeruhi mnyama badala ya kumwangusha.

Angalia pia kama inasoma yadi au mita. Yadi 300 ni mita 274. Mgeni wa Texas anafikiri kwa yadi, mwindaji bingwa anayemwongoza anamtajia mita, na kila mmoja anadhani wameelewana.

Uwezo wa chombo kurekebisha umbali kulingana na mwinamo ni muhimu milimani: mita 300 kwa mteremko wa digrii 30 zinahesabika kama 260. Kwenye tambarare, usiongeze hata shilingi kwa ajili yake.

Dhana: "Mnyama huuona ule mwanga mwekundu."

Namba nyekundu zinawaka ndani tu. Leza yenyewe kwa kawaida ni ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, na nguvu yake ni ndogo.

Dhana: "Betri ikifa umebaki na chuma."

Umebaki na darubini ya kawaida. Nyingi zinatumia betri ndogo ya aina ya CR2, ambayo duka la kijijini halina, kwa hiyo beba mbili za akiba.

Dhana: "Mbili kwa moja daima ni nafuu."

Kwa bajeti ndogo, darubini nzuri ya kawaida na kipima umbali cha jicho moja mfukoni vitakuhudumia vizuri kuliko cha pamoja chenye lenzi hafifu. Utatazama kwa saa nyingi na kupima kwa sekunde chache. Hasara ya kubeba viwili inakuja mnyama anapotembea: unashusha kimoja, unapandisha kingine, unamtafuta upya. Kwa mwenye kitalu cha uwindaji cha mbuga wazi, hapo ndipo cha pamoja kinapolipa gharama yake. Kwa anayefuata nyayo za nyati vichakani, mita 40 zinapimwa kwa macho.