Picha ya Ndia Kuu Ukutani: Tunayoyaamini na Yaliyokuwa

Katika sebule ya shangazi yangu, mtaa wa Kibokoni, imetundikwa picha ya rangi inayoonyesha Ndia Kuu, mtaa mkubwa wa Mji wa Kale wa Mombasa, kama ilivyokuwa mwaka 1900, kwa kauli ya aliyeichora. Upande wa kushoto zimepangika nyumba za ghorofa zenye roshani za mbao. Katikati anapita mwanamke aliyejitanda leso nyekundu yenye maandishi. Mbele kabisa muuza kahawa ameinama, dele mkononi, akimmiminia mzee aliyeketi barazani. Picha yenyewe haijatimiza miaka mitatu tangu ikauke. Hata hivyo karibu kila mgeni anayekaribishwa pale huisogelea, huitazama kitambo, kisha husema kwamba ndivyo mji wetu ulivyokuwa. Naipenda picha ile, na mtaa wenyewe naupenda zaidi, ndiyo maana nimeona inafaa kueleza yale tunayoyaamini kimakosa kila tunapoitazama.

Dhana potofu: Mchoraji amechora kilichokuwepo.

Hakuna mchoraji aliye hai leo aliyeiona Ndia Kuu ya mwaka 1900. Alicho nacho ni postikadi za zamani, nyumba ambazo bado zimesimama na masimulizi ya wazee, na kutokana na hivyo huchagua cha kuweka na cha kuacha. Picha ya aina hii ni maelezo ya mtu wa leo kuhusu jana, na kila alichochagua kinaweza kupimwa. Tuanze na ile leso. Leso zilienea pwani katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Majina yake, yaani ile misemo ya pindoni, yalianza kuchapishwa baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, na kwanza kwa herufi za Kiarabu. Herufi za Kilatini, kama zilizomo katika picha yetu, zilifuata nyuma zaidi. Shangazi, ambaye historia yake ni ya kabatini mwake na si ya vitabuni, aliliona hilo siku ile ile picha ilipoletwa. Alimwambia kijana aliyeichora, "Mwanangu, leso hii umemvisha bibi yake bibi yangu, lakini jina lake ni la juzi." Kijana akainamisha kichwa, akasema, "Kweli, mama."

Buibui nalo lina mkasa kama huo. Wachoraji wengi wanaotaka kuonyesha mtaa wa katikati ya karne ya 19 hujaza wanawake waliovaa buibui jeusi, wakidhani ni vazi la tangu na tangu. Vazi hilo lilienea katika miji yetu baadaye, kuelekea mwanzo wa karne ya 20. Kabla yake wanawake wa nyumba kubwa, Lamu hasa, walipotoka walitembea ndani ya shiraa, pazia la kitambaa lililoshikiliwa juu ya vijiti na watumwa wao.

Na hapo kwenye neno watumwa ndipo picha nyingi za mitaa ya kale zinaponiumiza. Katika ukanda wetu wa pwani sheria haikuacha kuutambua utumwa mpaka mwaka 1907. Kwa hiyo mtaa wa mwaka 1900 ulikuwa na watu waliobeba maji, waliochukua mizigo kutoka bandarini na waliofagia barazani wakiwa mali ya watu wengine. Katika picha ya sebuleni kila mtu amepumzika, anakunywa kahawa, anasalimiana. Hakuna hata kichwa kimoja kilichobeba mtungi. Simlaumu kijana, kwani postikadi alizozitazama nazo zilipendelea kuonyesha mandhari, lakini mtazamaji anapaswa kujua kwamba utulivu ule ulikuwa na waliougharimia.

Dhana potofu: Picha ya kamera haidanganyi, ya brashi hudanganya.

Dhana hii huwatega wachoraji wenyewe. Bamba za kioo zilizotumiwa katika kamera za karne ya 19 hazikuziona rangi kama jicho linavyoziona. Zilihisi zaidi mwanga wa samawati, kwa hiyo mbingu yenye rangi hutoka nyeupe tupu, na kitambaa cha samawati hutoka cheupe kuliko kilivyo, ilhali nyekundu na manjano hutoka nyeusi au kijivu kizito. Mwanamke aliyejitanda leso nyekundu, akipigwa picha kwa bamba la namna hiyo, ataonekana kwenye postikadi kama aliyevaa vazi jeusi. Mchoraji wa leo anaichukua postikadi, anaona weusi, anapaka weusi, na tunapata buibui mahali palipokuwa na leso. Ndiyo maana nasema kwamba kijana wetu, ingawa alikosea maandishi, huenda katika rangi nyekundu alikuwa karibu na ukweli kuliko kamera.

Tena mpiga picha naye alichagua mahali pa kusimama. Wengi wa wapiga picha hao waliwatafutia abiria wa meli kitu cha kununua na kutuma kwao, na watu waliomo huonekana wamesimamishwa, mikono ikining'inia, macho yakiikodolea kamera. Postikadi ni ushahidi mzuri, ila nayo ina mwenyewe aliyeitengeneza kwa haja zake.

Dhana potofu: Roshani zile ni za Mreno, na mtaa wote una umri wa Ngome.

Ngome ya Yesu ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, na ukubwa wake umetuzoesha kudhani kwamba kila kilichoizunguka kilizaliwa nayo. Msikiti wa Mandhry, ambao mwanzo wake huwekwa karibu na mwaka 1570, umeitangulia. Kwa upande mwingine, roshani za mbao zilizochongwa, ambazo ndizo mchoraji huanza nazo na mtalii huondoka nazo kichwani, nyingi ni za mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, zikiwa na mkono wa mafundi na ladha ya wafanyabiashara waliotoka India, Gujarat hasa. Muyaka bin Haji, mshairi wetu aliyefariki karibu na mwaka 1840, hakupita chini ya roshani za aina hiyo.

Ukitaka kuuona umri wa nyumba, acha kutazama juu, tazama ukuta ulipobanduka chokaa. Karibu na kwa shangazi kuna ukuta mmoja ambao mvua za masika zimeuvua nguo: jiwe la matumbawe linaonekana, lenye matundu madogo madogo ambamo umbo la kiumbe wa baharini bado linatambulika, na juu yake ncha ya boriti ya mkoko iliyopasuka kwa urefu. Boriti za mikoko hazina urefu mkubwa wa kutumika, kiasi cha mita tatu hivi au pungufu, na ndizo zilizoamua upana wa vyumba vyetu, vyembamba na virefu. Mchoraji akijua hilo, nyumba anazozichora husimama sawasawa hata kama hatauonyesha ukuta wa ndani.

Jina la mtaa lina hadithi yake pia. Ndia ni njia kwa Kimvita, na wakoloni waliubandika mtaa huo huo jina la Vasco da Gama. Jina la wenyeji ndilo lililobaki.

Dhana potofu: Ukiondoa nyaya, mabati na reli, picha inakuwa ya kale zaidi.

Hili ni kosa la mapenzi, na mimi mwenyewe nililishiriki kwa muda mrefu. Tunataka mtaa wa kale uwe safi, bila chuma. Lakini mwaka 1900 mabati yalikwisha kuzoeleka juu ya mapaa ya mji, na katika mitaa mikubwa zilipita reli nyembamba ambazo juu yake vigari vyenye kivuli cha turubai vilisukumwa na watu, vikiwapeleka maofisa na matajiri mpaka Kilindini. Umeme nao uko karibu kuliko tunavyodhani: kampuni ya kwanza ya umeme ya Mombasa ilianza mwaka 1908. Mtu anayechora Ndia Kuu ya mwaka 1925 na kufuta kila waya anamnyang'anya mzee wa wakati ule kitu ambacho pengine alikionea fahari. Vivyo hivyo, anayechora watu wakiingia Ngomeni kutembea katika mwaka huo amesahau kwamba tangu 1895 hadi 1958 Ngome ilikuwa jela.

Yako mengine ya kupita nayo upesi. Nyufa juu ya rangi si cheti cha umri, kwani zinaweza kutengenezwa kwa makusudi. Na rangi nyeupe ya titani, iliyoenea baada ya miaka ya 1920, ikigunduliwa katika picha inayouzwa kuwa ya karne ya 19, dai hilo limekwisha. Tena anayenunua picha hununua kitambaa na fremu, hanunui haki ya kuichapisha. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, haki hiyo ni ya msanii katika uhai wake na hudumu miaka 50 baada ya kufa kwake. Kijana wetu aliwahi kuikuta kazi yake kwenye kalenda ya ukutani ambayo hakuulizwa wala kulipwa, na alipoilalamikia aliambiwa kwamba mtaa si wake. Mtaa ni wa wote; picha ilikuwa yake.

Ijumaa moja baada ya alasiri alikuja kumtembelea shangazi. Tuliteremsha picha, tukaiegemeza kifudifudi kwenye kochi, naye akatoa penseli akaandika nyuma ya kitambaa mwaka alioichora, postikadi mbili alizozitumia, na nyumba ipi aliichora kwa kuitazama. Akaandika kwamba rangi ya leso ameikisia na jina lake ni kosa. Alisita kidogo, akaongeza mstari wa mwisho kwa herufi ndogo: "Reli zilikuwepo. Watumwa walikuwepo. Sikuwachora."